Mnyororo wa Lowell Haugen

Bi. Whitcomb wa ofisi ya msitu alikuwa binti mwenye adabu, na hilo ndilo lililomuudhi Ardis Haugen kuliko yote. Mtu anayekuja kukuhamisha kwako angalau awe na sura mbaya, umchukie kwa raha zako. Huyu alivua buti mlangoni bila kuambiwa, akasifu pai, akauliza hali ya mapafu ya Ardis, kisha akaiweka barua mezani taratibu kama anaweka yai.

"Nimeileta kwa mkono," alisema. "Sikupenda muisome peke yenu."

"Tukiisoma pamoja itabadilika?" aliuliza Lowell, mumewe Ardis.

Haikubadilika. Barua ilisema kwamba kuanzia tarehe mosi Desemba mpaka katikati ya Mei, njia ya Kijito cha Tamaraki itafungwa kwa geti la chuma. Kalavati mbili zimebomoka, kulungu wanahitaji utulivu wakati wa theluji, na ofisi haina fungu la kutengeneza maili tisa za njia kwa ajili ya nyumba moja. Hata hivyo wenye nyumba hawajanyimwa haki yao ya kufika kwao. Ruksa kupita kwa miguu au kwa farasi.

Ardis alikuwa na miaka sabini na moja. Mrija wa oksijeni ulimpita masikioni ukaishia puani, na kutoka kitandani hadi jikoni alipumzika mara moja njiani. Kila baada ya wiki mbili gari la mitungi lilipanda maili zile tisa kumletea pumzi.

"Farasi," alisema. "Na mitungi ataibeba farasi huyohuyo, au tununue wa pili?"

Bi. Whitcomb aliinamia pai yake.

"Njia hii ni yetu," Lowell alisema. "Babu yangu alipewa ekari hizi mia na sitini na serikali hiyohiyo yenu. Msitu wa umma mmekuja kuutangaza baadaye, mkatuzunguka pande zote nne. Sisi hatukuhamia msituni, binti. Msitu ndio ulituhamia sisi."

"Najua, Bwana Haugen. Ardhi ni yenu, hakuna anayebisha. Shida ni njia." Alifungua jalada lake. "Ingekuwa barabara ya umma iliyokuwapo kabla ya msitu kutangazwa, mimi nisingekuwa na mamlaka hata ya kuisogelea. Lakini mwaka themanini na tisa wewe mwenyewe uliiandikia ofisi yetu. Nasoma: 'Njia hii ni ya kuingilia nyumbani kwangu tu. Hakuna mtu mwingine anayeitumia wala aliyewahi kuitumia, na mnyororo wangu usiguswe.' Umepiga mstari chini ya 'usiguswe'. Mara mbili."

"Mmeitunza hiyo barua?"

"Tunatunza kila kitu," alisema Bi. Whitcomb kwa masikitiko ya kweli, akaomba kipande kingine cha pai.

*

Mnyororo wenyewe ulikuwa maili moja kutoka barabara kuu, mahali njia inapobanwa kati ya kijito na mwamba mkubwa wenye umbo la mkate uliokatwa pembe. Upande mmoja ulifungwa kwenye nguzo, upande wa pili kwenye pete ya chuma iliyozamishwa ndani ya mwamba. Juu yake palining'inia ubao ulioandikwa HUPITI. Lowell aliona kuandika "tafadhali" ni kuharibu rangi.

Huko juu, ng'ambo ya shamba lao, kulikuwa na malisho ya kulungu na vichaka vya yale matunda madogo ya zambarau ambayo watu wa bonde lile wangemficha hata mama mzazi mahali yanapopatikana. Kwa hiyo kila Agosti na kila Oktoba watu walifika mwambani, na kila Agosti na kila Oktoba Lowell aliwarudisha. Alirudisha wawindaji, akarudisha wachumaji, akamrudisha mchungaji wa kanisa lao, na siku moja akarudisha bwana na bibi harusi waliotaka kupiga picha tu. Ofisi ya msitu ilinyamaza muda wote huo, maana mnyororo wa Lowell uliwaokolea mshahara wa askari mmoja.

Sasa Carla, binti yao aliyeko mjini Spokane, alipiga simu kila jioni. Alikuwa amewapatia nyumba ya kupanga ghorofa ya tatu, karibu na hospitali.

"Kuna lifti, Mama," alisema. Kila hoja ya Carla iliishia kwenye lifti.

Ardis hakuwa na ugomvi na lifti. Alijua tu kwamba akishuka mlima ule kabla ya theluji, hatapanda tena. Hatarudi kukaa kwenye dirisha la jikoni alikomwona kila mtoto wake akianguka na kuinuka. Atafia mahali ambapo watu wanasalimiana kwa kutazama namba za ghorofa. Alikuwa anaogopa, na alipoogopa alifanya mzaha, ndiyo maana wiki ile Lowell alicheka sana bila kujua anachochekea.

*

Wakili wa kaunti, kijana mmoja aitwaye Trask, aliwaeleza bila kuzunguka. Makamishna watatu wa kaunti wanaweza kuitangaza njia kuwa barabara ya umma, na ofisi ya msitu itaheshimu. Ila kinatakiwa kielelezo kwamba watu walipita hapo kabla ya msitu kutangazwa, na waliendelea kupita kama haki yao.

"Hilo dogo," alisema Ardis. Akaita wanawake watatu wa kanisani waliokuwa wakisubiri kwenye korido na mikoba yao magotini.

Mkubwa wao, Mavis Lund, alisimama mbele ya meza ya wakili kama mtoto anayekariri. "Mimi nimepita njia ile kila Agosti kwa miaka ishirini na sita. Na hawa pia."

Lowell aligeuka. "Umepitaje? Kuna kufuli."

"Ardis alitupa ufunguo," alisema Mavis.

Ardis alirekebisha mrija wake, ingawa haukuwa umekaa vibaya.

"Ufunguo gani?"

"Nilichongesha mwingine, Lowell. Ulikuwa unalala mchana siku zile."

"Miaka ishirini na sita!"

"Na jamu uliyokuwa unakula miaka ishirini na sita ulidhani inatoka wapi? Mimi na kifua hiki nilikuwa napanda vichakani?"

Trask alikohoa. Alisema anawashukuru akina mama kwa moyo wao, lakini ushahidi wao haufai. Tena ni afadhali wasiutoe kabisa. Mtu aliyeomba ufunguo amekiri kwamba njia ina mwenyewe. Kila Agosti ya Mavis ilikuwa inaongeza nguvu barua ya Lowell.

"Kwa hiyo waungwana hawatusaidii," alisema Ardis.

"Hapana, Bi. Haugen. Namtaka mtu aliyepita bila kuomba. Aliyeamini njia ni yake kama ilivyo ya mtu mwingine yeyote. Na awe na kitu cha zamani mkononi."

"Yaani mwizi."

"Mimi sijasema mwizi."

Ardis na Lowell hawakutazamana. Katika kaunti nzima alikuwapo mtu mmoja tu wa namna hiyo, naye Lowell alikuwa ameshamwita mwizi mbele ya hakimu, chini ya kiapo.

*

Dwight Purcell aliukata mnyororo ule miaka thelathini na miwili nyuma, asubuhi ya kwanza ya msimu wa kuwinda, kwa mkasi wa kukatia vyuma. Hakukimbia. Alikaa juu ya boneti ya gari lake akisubiri Lowell ashuke, ili amwambie usoni kwamba babu yake alipitisha nyumbu waliobeba mizigo ya mgodi njia hii kabla hakujawa na msitu wa serikali wala Haugen hata mmoja. Lowell alimpeleka mahakamani. Purcell alikwenda na picha: babu mtu amesimama na nyumbu wanne, nyuma yao mwamba wenye umbo la mkate uliokatwa pembe, na nyuma ya picha mwaka umeandikwa kwa wino, 1898.

Hakimu alimuuliza Lowell kama anaujua mwamba ule. Lowell aliishika picha, akaitazama sana, akasema, "Miamba iko mingi. Huu siujui."

Ardis alikuwa ameketi nyuma yake siku hiyo, amevaa kofia yake ya bluu. Yeye ndiye aliyempelekea chakula Lowell siku mbili mfululizo alipokuwa anautoboa mwamba huo kwa ajili ya ile pete. Alinyamaza. Purcell alilipa faini ya dola mia mbili, na juu yake bei ya mnyororo. Lowell aliuunga ule wa zamani kwa boliti, fedha akanunulia matairi.

Sasa Purcell alikuwa barazani kwake ananoa msumeno, na alipoona pikapu ya akina Haugen inaingia uani hakuinuka. Lowell alizunguka kumshusha Ardis na mtungi wake mdogo wa magurudumu. Hapo Purcell akainuka, akamletea Ardis kiti chenye mto, akamwekea blanketi magotini, akamuuliza kama anataka kahawa. Lowell hakuletewa kiti wala hakuulizwa.

"Ngoja nivae miwani," Purcell alisema. "Nataka nikuone vizuri."

Akaivaa. Lowell alisimama pale, kofia mkononi, upepo unampeperusha nywele chache alizobaki nazo.

"Haya, jirani. Sema shida yako."

Lowell aliisema. Aliisema vibaya, kwa vipandevipande, kama mtu anayetema mifupa ya samaki. Alipofika mahali pa kuomba akabaki anaizungusha kofia, na Ardis akaliona hilo. Alimhurumia. Alitaka pia kumpiga kwa mtungi.

"Kwa hiyo njia ni ya umma," Purcell alisema polepole, kama anaonja supu.

"Ndiyo wanavyotaka isemwe."

"Nakuuliza wewe. Wao siwaulizi."

Lowell akatazama buti zake. Purcell aliingia ndani, akatoka na picha ikiwa ndani ya fremu. Fremu hiyo ilikuwa na vitu viwili chini ya kioo kimoja: babu na nyumbu wake juu, na chini yao stakabadhi ya mahakama ya dola mia mbili na kitu.

"Hii imekaa jikoni kwangu miaka yote," alisema. "Kila asubuhi nakunywa kahawa na babu yangu na wewe. Nitakuja kwenye kikao, sio kwa ajili yako. Mkeo alinitumia chakula marehemu mke wangu Jolene alipokuwa anaumwa, na wewe nadhani hukuambiwa."

"Siku hizi naona siambiwi mengi," alisema Lowell.

"Pesa yako sitaki. Nataka kitu kimoja tu. Waambie wakuulize swali lilelile, na mimi nikae mstari wa mbele."

Njiani kurudi Lowell aliendesha maili tano. Kisha akasema, "Bora lifti."

"Lifti utapanda peke yako," Ardis alimjibu. "Mimi nilinyamaza siku ile kwa sababu yako. Sikukudai. Leo nadai."

*

Ukumbi wa kaunti ulijaa. Watu wa mji wa Harlow ambao hawakuwahi kuhudhuria kikao hata cha kodi zao walikuja wakiwa wameoga. Kila aliyewahi kurudishwa mwambani alikuwapo, wakiwamo bwana na bibi harusi, ambao sasa walikuwa wametalikiana na waliketi pande mbili tofauti. Bi. Whitcomb alikaa pembeni na jalada lake. Akampungia mkono Ardis.

Purcell alitoa ushahidi wake kwa ufupi. Ndiyo, alipita. Hapana, hakuomba. Ndiyo, alikata, na baada ya kesi aliendelea kupita kwa kuzunguka nguzo, maana Lowell hakuwa na akili ya kuongeza nguzo ya pili. Ukumbi ukacheka. Picha ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mwenyekiti, Orville Stenberg, mzee mwenye duka la mbolea, ambaye Lowell aliwahi kumrudisha mara tatu.

Trask alisoma maneno ya kesi ya zamani, sauti kavu. "Swali: Je, unaujua mwamba huu? Jibu: Miamba iko mingi. Huu siujui."

"Bwana Haugen," Stenberg alisema, na hakuficha kwamba anafurahia, "itabidi tukuulize upya. Njoo uitazame."

Lowell alikwenda mbele. Aliishika fremu kwa mikono miwili. Ardis alisikia mashine ndogo ya mtungi wake ikipuliza, ikanyamaza, ikapuliza, na akatambua kwamba ukumbi mzima unaisikia. Alihesabu pumzi nne. Alijua kwamba Lowell akisema tena haujui, yeye ataondoka humu kwenda moja kwa moja Spokane, na hatakuwa na hasira hata kidogo, atakuwa amechoka tu.

"Naujua," alisema Lowell.

"Sema kwa nguvu, mzee, kuna watu nyuma."

"Nimesema naujua! Niliutoboa mwenyewe. Siku mbili, na ncha tatu za keekee zilinivunjikia. Mke wangu aliniletea chakula. Ni mwamba mgumu sana." Kisha akaongeza kama mtu aliyeulizwa. "Na baba yangu aliniambia habari za wale nyumbu nikiwa mdogo. Nilijua siku ile. Nilijua siku zote."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wamekuja na hamu ya miaka thelathini ya kumcheka Lowell Haugen, na sasa alipowapa nafasi hawakujua wamtazame wapi. Purcell peke yake, mstari wa mbele, alikuwa amevua miwani na anaisafisha kwa ncha ya shati, akaendelea kuisafisha muda mrefu.

Kura ilikuwa tatu kwa sifuri. Njia ya Kijito cha Tamaraki ni barabara ya umma na imekuwa hivyo tangu zamani. Geti halitawekwa, kaunti itatengeneza kalavati mbili. Bi. Whitcomb alikuja kuwapongeza. Mzigo umemtoka, alisema, sasa ni wa kaunti. Kisha, kwa adabu yake ileile, akawakumbusha kwamba kufunga mnyororo katika barabara ya umma ni kosa, na Bwana Haugen ana siku saba.

*

Lowell aliutoa siku ya sita. Pete haikutoka mwambani, alijaribu kwa nyundo mpaka jua likatua, ikabidi aiache. Mnyororo aliutupa nyuma ya pikapu, na ubao wa HUPITI Ardis akaufanya kifuniko cha pipa la kuni.

Jumamosi ya kwanza ya msimu, kabla hakujapambazuka sawasawa, magari yalianza. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Lowell alikaa dirishani na kahawa yake akitazama taa zikipanda, moja baada ya nyingine, wawindaji wa kaunti nzima wakipita kwenda kwenye malisho ambayo kwa miaka karibu arobaini yalikuwa yake peke yake bila kuwa yake.

"Yule ni Stenberg," alisema. "Hata kulenga hajui."

"Kunywa kahawa yako."

Saa tatu gari la mitungi lilikuwa halijafika. Saa nne pia. Ardis alikuwa amefungua mtungi wa mwisho, na ingawa alisema hana wasiwasi, aliacha kuongea ili aufanye udumu. Lowell aliona hivyo. Alivaa koti, akamvalisha na yeye, maana alikataa kubaki, wakashuka.

Gari la mitungi lilikuwa limezama mpaka ekseli mbele ya mwamba. Magari ya wawindaji yalikuwa yameigeuza njia kuwa uji, na dereva alikuwa amesimama katikati ya uji huo akitukana umma wote kwa jumla. Nyuma yake alikuwa Dwight Purcell, aliyechelewa kuwinda kwa sababu ya kunoa kisu, naye alikuwa amesimamisha gari lake hapo.

"Jirani," Purcell alisema. "Barabara yetu hii ni mbovu."

"Mlitaka kupita, piteni."

"Una kamba?"

Lowell alisita. Kisha akaenda nyuma ya pikapu na kuuvuta ule mnyororo, pingili kwa pingili, akauburuta matopeni. Purcell alipitisha gari lake kando ya nguzo kwa ustadi wa mtu aliyezoea, akalipanga mbele. Walipiga magoti matopeni wazee wawili, mmoja huku mmoja kule, wakaufunga.

"Utakatikia hapa," Lowell alisema, akigusa ile boliti. "Hapa ulipoukata."

"Nilikulipa ununue mpya."

Lowell alisogea kando. Purcell akakanyaga mafuta. Mnyororo ulikaza ukalia, boliti ikapinda, Ardis akashika mlango wa pikapu kwa mikono miwili, na gari la mitungi likachomoka kwenye tope na kupanda kwenye mawe. Dereva hakungoja hata kuambiwa. Alifungua nyuma palepale, akamtolea Ardis mtungi mpya, akamfungia mrija kwa vidole vyenye matope, na Ardis akavuta hewa mpaka machozi yakamtoka.

Alipofumbua macho, Purcell alikuwa anaukunja mnyororo na kuutupia nyuma ya gari lake mwenyewe.

"We!" Lowell aliita. "Huo ni wangu!"

Purcell alichungulia dirishani. "Niliulipia," alisema. "Stakabadhi iko jikoni, njoo uisome siku yoyote. Siku hizi njia haifungwi." Akapiga honi mara moja, akapanda mlima kuelekea malishoni.

Lowell alibaki katikati ya barabara, matope magotini, akiitazama ile pete tupu kwenye mwamba. Hatimaye akamgeukia Ardis. "Mama, kisheria lakini, ule mnyororo..."

"Lowell," Ardis alisema, na kwa mara ya kwanza tangu barua ile iletwe alicheka kwa pumzi nzima, "nipeleke nyumbani."

Iliwabidi wasubiri kwanza. Magari mengine manne yalikuwa yanapanda.